Mti Usiomkumbuka Mzazi wa Jana

Katika msimbo wa DHIS2, mfumo wa kompyuta ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda hukusanyia takwimu zao, kuna klasi moja iitwayo OrganisationUnit. Zahanati ya kijiji ni OrganisationUnit. Halmashauri ya Wilaya ya Same ni OrganisationUnit. Mkoa wa Kilimanjaro ni OrganisationUnit, na Tanzania yote ni OrganisationUnit vilevile. Walioandika programu hii hawakutunga klasi ya nchi, nyingine ya mkoa na nyingine ya kituo cha tiba. Walitunga moja tu, wakaipa mzazi wa klasi hiyohiyo na watoto wa klasi hiyohiyo, wakaiacha ijirudie kutoka makao makuu ya wizara hadi zahanati ya mwisho mlimani.

Uamuzi huo una jina miongoni mwa wasanifu wa programu: ni ruwaza ya Kompoziti. Umeandikwa vitabuni, hufundishwa vyuoni, na huulizwa kwenye usaili wa kazi. Ila mara chache tunausoma kwa macho ya uhakiki, tukauliza umbo hili linasema nini kuhusu dunia, linakiweka nini wazi na linakificha nini. Nataka kuusoma hivyo hapa, nikitazama kutoka chini kabisa ya mti, kwenye kata kama Mhezi katika Wilaya ya Same, Milima ya Upare. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya umbo hili na upungufu wake vinatoka mahali pamoja. Linaziona ngazi zote kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana linajumlisha vizuri, na ndiyo maana linashindwa kutofautisha na kukumbuka.

Ruwaza na matokeo yake

Wazo la ruwaza halikuzaliwa kwenye kompyuta. Mwaka 1977 msanifu majengo Christopher Alexander, pamoja na Sara Ishikawa, Murray Silverstein na wenzao, walichapisha A Pattern Language, kitabu chenye ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Kwa Alexander, ruwaza ni mambo matatu yaliyofungwa pamoja: mazingira fulani, tatizo linalojirudia katika mazingira hayo, na kiini cha suluhisho ambacho kila mjenzi hukitekeleza kwa namna yake.

Mtu wa Upare anayo ruwaza ya aina hii mbele ya macho yake, nayo ni ndiva. Kijito cha mlimani ni chembamba. Maji yakiachwa yatiririke mferejini kidogokidogo, mengi hunywewa na udongo kabla hayajafika shambani. Wazee wakajenga bwawa dogo kwenye njia ya mfereji. Maji hujikusanya usiku, na asubuhi hufunguliwa kwa pamoja yakashuka kwa nguvu ya kufika mbali. Ndiva moja hutofautiana na nyingine kwa ukubwa, kwa udongo na kwa mteremko, lakini zote ni ndiva. Na zote zina matokeo yaleyale: ukishayakusanya maji ya watu wengi mahali pamoja, huna budi kuwa na zamu, msimamizi, na siku za kazi ya pamoja ya kuzoa tope. Anayeiga bwawa akaziacha zamu hajaiga ndiva.

Mwaka 1987 Kent Beck na Ward Cunningham walilichukua wazo la Alexander wakalijaribu kwenye programu za lugha ya Smalltalk. Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides wakatoa Design Patterns, kitabu chenye ruwaza 23 za upangaji programu unaojengwa juu ya vitu, yaani ule ambao kila kipande cha programu hubeba taarifa zake pamoja na kazi kinazoweza kuzifanya. Mifano yake iliandikwa kwa C++ na Smalltalk.

Kitabu hicho kinasomwa vibaya, na kosa la kwanza ni la kiumbo. Kila ruwaza imepangwa katika sehemu zisizobadilika: jina, kusudio, kisa kinachoihamasisha, mahali inapofaa, mchoro wa muundo, washiriki, namna wanavyoshirikiana, matokeo, utekelezaji, mfano wa msimbo, mifumo ilikotumika, na ruwaza zinazohusiana nayo. Wanafunzi wengi huishia kwenye mchoro. Wanakariri visanduku na mishale, kisha wanasema wameijua Kompoziti. Lakini sehemu ambapo waandishi wanageuka wahakiki wa kazi yao wenyewe ni ile ya matokeo na ile ya utekelezaji inayoifuata. Humo wanataja gharama. Ruwaza isiyotajwa gharama yake ni mchoro tu, na kwa Kompoziti gharama hiyo imeandikwa waziwazi, miaka mingi kabla haijalipwa kwenye takwimu za afya za Afrika Mashariki.

Kompoziti kama kitabu kinavyoieleza

Kisa wanachoanza nacho ni programu ya kuchora. Kuna mstari, kuna mstatili, kuna maandishi. Tena kuna picha nzima iliyoundwa kwa mistari, mistatili, maandishi na hata picha nyingine ndani yake. Mtumiaji anapoburuta kitu kwenye skrini, programu isilazimike kuuliza kwanza kama kinachoburutwa ni mstari mmoja au picha yenye vipande mia. Iseme tu: jichore. Mstari utajichora. Picha itawaambia watoto wake wote wajichore, na watoto walio picha nao watawaambia wa kwao.

Huu ndio utamu wa Kompoziti: sehemu na jumla huulizwa swali lilelile kwa maneno yaleyale. Anayeuliza hahitaji kujua amefika ngazi gani.

Kisha waandishi wanaibua swali gumu. Shughuli za kuongeza mtoto na kumwondoa ziwekwe wapi? Zikiwekwa juu kabisa, kwenye aina ya jumla, vitu vyote vitatendewa kwa ulinganifu kamili, lakini mtu ataweza kuuamuru mstari upokee mtoto, jambo lisilo na maana. Zikiwekwa kwenye vitu vyenye watoto peke yake, kosa hilo halitawezekana, ila ulinganifu utavunjika na kila mtumiaji atalazimika kuuliza kwanza anashughulika na nani. Ulinganifu au usalama: havipatikani vyote kwa pamoja. Waandishi wanakiri kwamba katika ruwaza hii wameegemea ulinganifu. Wanaongeza onyo kwamba Kompoziti inaweza kuufanya usanifu uwe wa jumla kupita kiasi, kwa sababu ni vigumu kuweka masharti ya nani anaruhusiwa kuwa ndani ya nani.

Tuyashike mambo hayo mawili, ulinganifu unaolegeza usalama na ujumla unaopita kiasi, kisha turudi kwenye OrganisationUnit.

Asili ya Oslo na Afrika Kusini

DHIS2 inatengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, na jambo hilo lina uzito katika usomaji huu. Klasi, vitu na urithi wa klasi vilitungwa Oslo. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walivileta katika lugha ya Simula, hasa toleo la 1967, wakiwa kwenye Kituo cha Kompyuta cha Norway, na mwaka 2001 wakapewa Tuzo ya Turing kwa kazi hiyo. Mnorway mwingine, Trygve Reenskaug, alibuni mwaka 1979 mpangilio wa MVC (Model-View-Controller), unaozitenganisha data na skrini inayozionyesha, alipokuwa mgeni kwenye maabara ya Xerox kule California, na akina Gamma wanautumia mpangilio huo kwenye utangulizi wao kuonyesha ruwaza kadhaa zikifanya kazi, Kompoziti ikiwa mojawapo.

Nygaard hakuishia kwenye lugha. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway ili mfanyakazi awe na kauli katika teknolojia inayoingizwa kazini kwake. Mapokeo hayo ya usanifu shirikishi ndiyo yaliyoulea mradi wa mifumo ya taarifa za afya uitwao HISP, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994. Nchi hiyo ilikuwa inatoka kwenye utawala uliozigawa huduma za afya katika idara 14, kwa rangi na kwa maeneo. Wilaya mpya za afya zilikuwa zinachorwa, na mfumo wa takwimu ulipaswa kukubali ramani ambayo haijatulia. Toleo la kwanza la DHIS, mfumo wa takwimu wa mradi huo, liliandikwa juu ya Microsoft Access. Kuanzia katikati ya muongo wa 2000 likaandikwa upya kwa Java kwenye intaneti, likaitwa DHIS2. Kenya ililitumia nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wa siku nyingi wa mtandao wa HISP, ililieneza katika miaka ya mwanzo ya 2010 juu ya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, uliokuwa tayari unaendeshwa kwa vitabu na fomu.

Nikiisoma OrganisationUnit kwa kuikumbuka historia hiyo, naona katika ulinganifu wake dai la haki. Kwenye nchi iliyozoea kuziweka zahanati za weusi katika daftari moja na hospitali za weupe katika daftari lingine, klasi moja kwa wote ni tamko. Kila kituo kinahesabika kwa namna ileile na kinajumlishwa kwenye jumla ileile. Zahanati ya Upare inaufaidi urithi huo hata kama hakuna aliyewasimulia wahudumu wake.

Kuisoma klasi

Sehemu za OrganisationUnit zinazotuhusu ni chache. Kuna parent, mzazi mmoja. Kuna children, seti ya watoto. Kuna openingDate na closedDate, siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Kuna path, kamba ya herufi inayotaja mababu wote kuanzia mzizi hadi kitu chenyewe, kila mmoja kwa kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 11. Kisha kuna swali liitwalo isLeaf, kitu kinapojiuliza kama kimekuwa jani.

Swali hilo la mwisho ndilo linalofichua mtindo wa klasi hii. Kwenye kitabu cha akina Gamma, jani na tawi ni klasi mbili tofauti zinazoshiriki aina moja ya juu. Mstari ni mstari tangu kuumbwa kwake na hauwezi kuwa picha. Hapa tofauti hiyo imefutwa. Kitu ni jani kwa sababu tu hakijapata mtoto. Zahanati ni jani leo. Kesho msimamizi wa mfumo akiiwekea mtoto itakuwa tawi, na klasi haitapinga. Halmashauri isiyo na kituo hata kimoja ingekuwa jani sawasawa na zahanati. DHIS2 imeuchukua ulinganifu wa Kompoziti ikausogeza hatua moja mbele ya kitabu.

Faida yake ni kubwa. Kila nchi huamua ngazi zake yenyewe na kuzipa majina yake: kwingine nchi, mkoa, wilaya na kituo, kwingine kaunti na kaunti ndogo. Msimbo haubadiliki. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Afrika Kusini inafika Kilimanjaro bila klasi mpya kuandikwa. Na anayetafuta idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki mara ya kwanza mwezi wa Machi anaweza kuuliza kwa zahanati moja, kwa Same, kwa mkoa au kwa taifa, swali likawa lilelile. Kilichoandikwa na muuguzi kwenye kitabu namba 6 cha wajawazito kinapanda mlolongo mzima bila kubadilishwa jina. Ulinganifu huo una maana ya kiraia: takwimu anayoiona waziri ni ileile ya muuguzi, imejumlishwa tu.

Lakini tatizo limo humohumo. Zahanati na wilaya si vitu vya aina moja duniani. Zahanati ni jengo lenye wahudumu, dawa na mlango unaofunguliwa asubuhi. Wilaya ni eneo lenye mipaka, wakazi na mamlaka. Zahanati hutibu, wilaya hutawala. Umbo limeyaweka yote mawili kwenye neno moja kwa kuwa linachokijali ni uhusiano wa kuwa ndani ya kitu kingine. Ushahidi kwamba tofauti hiyo ilihitajika ni kuwa ilibidi irudishwe kwa njia nyingine: DHIS2 ina vikundi na seti za vikundi, ambavyo msimamizi huvitumia kusema kwamba hiki ni zahanati, kile ni kituo cha afya, kile ni hospitali, hiki ni cha serikali, kile ni cha dhehebu la dini. Tofauti iliyotolewa kwenye klasi imerudi ikiwa lebo. Ila lebo hutegemea bidii ya mtu. Klasi ingeilazimisha, kikundi kinaiomba tu.

Jina lisilo na kitenzi

Kuna jambo la pili ambalo usomaji wa karibu unalitoa. Katika Kompoziti ya kitabuni, kiini ni tendo: jichore. Mti umejengwa ili tendo lishuke kutoka mzazi hadi watoto. Ukitafuta tendo la namna hiyo ndani ya OrganisationUnit, tendo la kusema jijumlishe, hulipati. Kitu kinajua mzazi wake, watoto wake na mababu zake, lakini hakijumlishi chochote. Kujumlisha hufanyika kwingine, kwenye hifadhidata. Mti mzima hulazwa kuwa jedwali ambalo kila kituo ni mstari mmoja na kila ngazi ni safu yake: mababu wa ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kituo chenyewe. Kisha maswali ya jumla hujibiwa kwa kulisoma jedwali hilo.

Kwa mizani ya wanaoshikilia upangaji programu wa vitu, hili ni doa. Martin Fowler, mwandishi wa usanifu wa programu, aliwahi kuukosoa mwaka 2003 mtindo wa vitu vilivyojaa taarifa lakini havina tabia. Mimi silioni hivyo hapa. Maelfu ya vituo, kila kimoja na mamia ya takwimu kwa mwezi, kwa miaka mfululizo: kumwomba kila mzazi awaulize watoto wake mmojammoja kungeufanya mfumo ukwame wakati mratibu wa MTUHA wa wilaya anasubiri ripoti. Umbo limeugawa utu wake kwa sababu ya mzigo. Muundo umebaki kwenye vitu, kitenzi kimehamia kwenye jedwali.

Hata hivyo, kuhama kwa kitenzi kumekuwa na matokeo ambayo anayeujua mchoro peke yake hayaoni. Kwa kuwa mti haujui kujumlisha, hauwezi kujua kipi kinafaa kujumlishwa. Chukua idadi ya watu. Idadi ya watu wa vijiji ukiijumlisha kupanda mlima unapata idadi ya kata na ya wilaya, na hilo ni sawa. Ukiijumlisha kwa miezi 12 unapata upuuzi. Kwa hiyo DHIS2 ilihitaji aina maalumu ya ujumlishaji inayojumlisha kwenye mti lakini inachukua wastani katika muda, na aina hiyo imewekwa kwenye takwimu yenyewe, nje ya mti. Vilevile, kwa sababu tawi linaruhusiwa kuwa na data zake kama jani, idadi ya watu ikiingizwa kwenye halmashauri na tena kwenye vituo vyake, mfumo utahesabu mara mbili, maana zote zimo chini ya mti mmoja. Ikalazimu kuongeza chaguo la ngazi za ujumlishaji ili takwimu fulani isitafutwe chini ya ngazi ambayo imeingizwa. Hii ndiyo ile biashara ya ulinganifu na usalama iliyotajwa mwaka 1994. Kitabu kilionya juu ya mstari unaoamriwa kupokea mtoto. Afrika Mashariki kosa lenyewe limekuja likiwa halmashauri inayojibu kama kituo.

Mzazi mmoja, wakati mmoja

Upungufu mzito zaidi uko kwenye neno parent. Mzazi ni mmoja, naye ni wa sasa. Siku za kufunguliwa na kufungwa zipo, lakini ni za kitu chenyewe. Uhusiano wa mtoto na mzazi hauna tarehe.

Tanzania huchora mipaka yake upya mara kwa mara. Wilaya ya Pare iligawanywa mwaka 1979 zikapatikana Same na Mwanga. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, ikichukua Mbozi, Momba, Ileje na Wilaya ya Songwe. Sasa tuisome Songwe kwa umbo la OrganisationUnit. Mwaka 2014 kituo cha Mbozi kilikuwa mtoto wa mtoto wa Mbeya. Baada ya mgawanyo, Mbozi ikihamishwa chini ya Songwe, kamba ya path ya kila kituo chake huandikwa upya, na jedwali la ngazi hujengwa upya. Ukiuliza leo Mbeya ya 2014 ilikuwa na wajawazito wangapi kliniki, utajibiwa bila Mbozi. Ukiuliza Songwe ya 2014, utapewa jibu la mkoa ambao haukuwapo.

Jibu hilo lina manufaa yake. Mganga mkuu wa mkoa wa Songwe anahitaji kuona mwenendo wa miaka kumi ndani ya mipaka anayoisimamia, na mti unampa bila jasho. Lakini anayetaka kukagua ripoti ambayo Mbeya iliitoa mwaka 2014 hatapata namba ileile tena, na mfumo haumwambii kwa nini. Matoleo ya karibuni ya DHIS2 yameongezewa njia za kugawanya na kuunganisha vitu vya mti, nazo zinarahisisha kazi ya msimamizi. Swali la nani alikuwa mzazi wa nani, tangu lini hadi lini, halijaingia kwenye umbo. Ni jambo la kutafakariwa kwamba mfumo uliozaliwa nchi ikichora wilaya zake upya umerithi uwezo wa kuikubali ramani mpya bila uwezo wa kuikumbuka ya zamani.

Suluhisho lilikuwapo vitabuni. Mwaka 1997 Martin Fowler alichapisha Analysis Patterns, na sura yake ya pili inashughulikia tatizo hilihili. Anaanza na daraja la kawaida la taasisi, mzazi na mtoto, kisha anaonyesha linapokwama: daraja likibadilika, au yakihitajika mawili kwa wakati mmoja. Anapendekeza uhusiano wenyewe uwe kitu. Badala ya Mbozi kumbeba mzazi wake mfukoni, kunakuwa na kitu cha tatu kinachosema: huyu ni mtoto wa yule, kwa uhusiano wa aina hii, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Mti unakuwa picha ya siku moja tu kati ya nyingi, na Mbeya ya 2014 inaweza kuulizwa kama ilivyokuwa.

Gharama ya pendekezo hilo ni ya kweli. Kila ujumlishaji ungelazimika kutaja tarehe. Jedwali moja la ngazi lingekuwa mengi. Walioandika DHIS2 walichagua wepesi, na wepesi huo ndio uliokifanya chombo kimoja kitumike katika nchi zaidi ya 70, kwenye ofisi za wilaya zenye kompyuta chache na mtandao wa kukatika. Nauheshimu uchaguzi huo. Ninachokikataa ni kuuita wa kiufundi tupu, kwa maana uliamua ni maswali gani ya kihistoria nchi itaweza kuyauliza takwimu zake.

Kinachokosekana Mhezi

Turudi chini ya mti. Utawala wa Tanzania Bara una mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji na kitongoji. Mhezi ni kata. Ina diwani anayechaguliwa na kamati ya maendeleo inayokaa kujadili zahanati, barabara na maji. Mti wa takwimu ukijengwa kutoka halmashauri moja kwa moja hadi kituo, kata haimo. Vituo vyake vitaonekana kama watoto wa Same, sambamba na vya Hedaru, Ndungu na Gonja, na hakutakuwa na kitu kiitwacho Mhezi cha kuulizwa jumla yake. Umbo halizuii kata kuingizwa. Kuongeza ngazi ni kazi ya mipangilio, si ya msimbo. Lakini ngazi isiyoumbwa haina jumla, na diwani asiye na jumla huenda kwenye baraza la halmashauri akiwa na maneno bila namba.

Pia kuna mambo ambayo ngazi yoyote ya ziada haiyamalizi. Milimani watu hawatembei kwa kufuata mipaka. Hufuata njia, mteremko na siku ya gulio. Mama anayeishi kata moja anaweza kujifungulia kituo cha kata ya pili kwa sababu ndicho kilicho kwenye njia yake. Kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi kitamwandika pale alipojifungulia, huku idadi ya wajawazito wanaotarajiwa ikikadiriwa kwa eneo analoishi. Hapo ndipo zinapotoka zile asilimia za huduma zinazopita 100 katika kituo kimoja na kushuka katika jirani yake. Namba ya juu imegawanywa kwa namba ya chini ya mahali pengine. Mti wenye klasi moja hauwezi kuonya juu ya jambo hili, kwa kuwa kwake mahali pa huduma na mahali pa kuishi ni kitu cha aina moja. Hapa ule mchanganyo wa jengo na eneo, ulioonekana mwanzoni kuwa suala la unadhifu wa msimbo, unageuka kuwa kosa kwenye ripoti inayoamua dawa ziende wapi.

Hukumu

Kwa mizani ya umbo, OrganisationUnit ni kazi nzuri. Ni fupi, inanyumbulika, na imetimiza lengo gumu kuliko yote, la kumfanya muuguzi wa mlimani na mkurugenzi wa wizara wasome mti mmoja. Ulinganifu wake ulizaliwa kutokana na dai la usawa, na dai hilo bado lina uhai. Kasoro zake tatu, yaani kuchanganya jengo na eneo, kuliacha tawi lijibu kama jani, na kuunyima uhusiano tarehe, zote ni matokeo ya Kompoziti yenyewe, mawili kati yake yakiwa yametajwa au kudokezwa na walioiandika.

Hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu wa uprogramu katika vyuo vyetu, Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Kampala: ruwaza zifundishwe kwa kuanzia sehemu ya matokeo, na mfano wa Kompoziti usiwe mistari na mistatili ya programu ya kuchora. Mfano upo nyumbani, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, na mwanafunzi anaweza kuifuata safari ya namba moja kutoka kitabu cha MTUHA hadi meza ya waziri. Huyo atajifunza Kompoziti pamoja na bei yake.

La pili ni kwa wanaojenga miti mipya, iwe ya elimu, ardhi, maji au kodi. Kabla ya kuandika parent, waulize kama mzazi huyo atabadilika katika maisha ya mfumo. Kwa Tanzania jibu ni ndiyo. Historia ya Upare, Geita na Songwe imeshalitoa. Pale ambapo kumbukumbu ya mipaka itahitajika na mahakama, na mkaguzi au na mwanahistoria, uhusiano upewe klasi yake na tarehe zake tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kuuongeza baadaye ni kuandika upya kila swali lililokwisha kujengwa juu ya mti. Na pale ambapo wepesi utachaguliwa, iandikwe kwenye nyaraka za mfumo ni swali gani limeachwa bila jibu, ili diwani, muuguzi na mkaguzi wajue namba wanayoisoma imehesabiwa kwa mipaka ya siku gani.